Mwalimu Nyerere na Ardhi ya Wabarabaig



Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Watanzania tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Katika parokia nyingi Misa huadhimishwa, na sala ya kuomba atangazwe mwenyeheri husaliwa. Sisi tuliopo seminarini leo wengi wetu tulizaliwa baada ya kifo chake. Tumemfahamu kwa vitabu, kwa sauti yake redioni na kwa masimulizi ya wazee.

Katika makala hii tunapenda kuyasimulia maisha yake tukiyatazama kutoka Mogitu, wilayani Hanang, mkoani Manyara. Mogitu ipo kando ya barabara kuu ya Babati–Singida, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Basotu na Haydom. Huko Basotu ndiko yalikoanzishwa mashamba makubwa ya ngano ya Serikali, kwa msaada wa Kanada, katika ardhi ya wafugaji Wabarabaig. Anayemtazama Mwalimu kutoka hapa analazimika kuona mambo mawili kwa pamoja: mafundisho yake mazito juu ya haki ya maskini, na maskini ambao hawakusikilizwa wakati wa uongozi wake. Tunaamini kwamba kumpenda Mwalimu ni kuyasema yote mawili.

Mtoto wa Butiama

Julius Nyerere alizaliwa mwaka 1922 kijijini Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake zake wengi. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua katika mapokeo ya Wazanaki. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kama watoto wengine wa kijijini. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, katika shule ya Mwisenge, Musoma, kisha akaendelea katika Shule ya Serikali ya Tabora.

Imani haikumjia kwa kurithi. Baba yake hakuwa Mkristo. Alijifunza katekisimu akiwa kijana, kwa Wamisionari wa Afrika waliokuwa Nyegina, na alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa tayari mwanafunzi wa Makerere, Uganda. Hapo ndipo alipochukua jina la Julius. Kwa hiyo alikuwa Mkatoliki kwa uamuzi wake mwenyewe, mtu mzima aliyefikiri na kuchagua.

Baada ya Makerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa chini ya Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1949 alikwenda Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huko alisoma historia, uchumi na, jambo linalotugusa sisi wanafunzi wa falsafa, falsafa ya maadili. Alirudi mwaka 1952 na kupata kazi ya ualimu katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwezi Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akawa Rais wake. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kueleza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika inastahili kujitawala. Aliporudi ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi ya Pugu. Alikuwa na familia changa na hakuwa na mshahara mwingine. Alirudi nyumbani Musoma, na kwa muda alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre wa Maryknoll aliyetoka Marekani. Wamisionari wa Maryknoll wakawa marafiki zake kwa maisha yote.

Mwalimu wa haki

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na baada ya muungano na Zanzibar mwaka 1964 ikawa Tanzania. Nchi ilikuwa maskini sana. Shule na hospitali zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo zilijengwa na madhehebu ya dini kwa msaada wa waamini wa ng'ambo. Hapa kwetu tunazo alama za kazi hiyo hadi leo. Hospitali ya Dareda ilitokana na utume wa masista wamisionari wa afya kutoka Ireland, na Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilijengwa na Walutheri wa Norwei. Wazee wengi wa Mbulu na Hanang wanaweza kutaja mtoto au ndugu aliyepona katika moja ya hospitali hizo.

Mwalimu alishukuru kwa kazi hiyo, ila aliona kwamba haitoshi. Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili, na likasema kwamba nchi maskini haiwezi kuitegemea fedha ya wageni kuwa msingi wa maendeleo yake. Majuma saba tu baadaye, tarehe 26 Machi 1967, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka Populorum Progressio juu ya maendeleo ya watu. Hati hizi mbili zilitoka katika meza tofauti, lakini zinakubaliana kwamba mtu ndiye lengo la maendeleo, na kwamba mali ya wachache isiyojali njaa ya wengi ni jambo lisilo la haki.

Mwezi Oktoba 1970 Masista wa Maryknoll walimwalika Marekani kuzungumza nao. Hotuba aliyoitoa huko bado inasomwa katika vyuo vya teolojia duniani. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii: tatizo kubwa la dunia si umaskini peke yake, ni mgawanyiko kati ya walio na mali na uwezo wa kuamua, na wale wanaoamuliwa. Kwa hiyo Kanisa likiishia kugawa chakula na dawa bila kugusa mifumo inayowafanya watu wawe maskini, litahesabiwa kuwa upande wa mifumo hiyo. Aliwataka watawa na mapadre waishi na kufanya kazi pamoja na watu, wala wasiwe wafadhili wanaowatazama kutoka juu. Na aliongeza kwamba maendeleo ya mtu yanahusu heshima yake: mtu hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yanayomhusu, na hawezi kuendelezwa na mwingine kama mzigo unaobebwa.

Sisi tunaosoma mafundisho ya jamii ya Kanisa tunaitambua hapo kanuni ya auni. Papa Pius wa Kumi na Moja aliieleza mwaka 1931: chombo kikubwa kisiwanyang'anye watu wa chini kazi wanayoweza kuifanya wenyewe.

Katika utawala wake Mwalimu alipata matunda mengi. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, na elimu ya msingi kwa wote ikaanza mwaka 1977. Watu wazima kwa mamilioni walijifunza kusoma na kuandika. Zahanati zilifika vijijini. Kiswahili kiliunganisha makabila zaidi ya mia moja. Hata kutaifisha shule za madhehebu kulikofuata Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 kulikuwa na lengo la haki, yaani watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Kuliligusa Kanisa sana. Pugu, alikofundisha yeye mwenyewe, ikawa ya Serikali, na Shule ya Mtakatifu Maria ya Tabora ndiyo Milambo ya leo.

Ngano ya Basotu

Sasa turudi Hanang. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ilitaka nchi ijitosheleze kwa ngano, kwa sababu mahitaji ya mkate mijini yalikuwa yanaongezeka. Kanada, nchi yenye ujuzi mkubwa wa kilimo cha ngano, ilikubali kusaidia. Kazi ilianzia Basotu, na kwa muda wa miaka kumi na kitu yakawapo mashamba saba, kila moja la takriban ekari 10,000, chini ya shirika la umma la NAFCO. Matrekta, mashine za kuvuna, vipuri na wataalamu vilitoka Kanada. Sehemu kubwa ya fedha ya msaada ilirudi hukohuko kununua vitu hivyo. Kwa jumla takriban ekari 100,000 ziliondoka mikononi mwa Wabarabaig, ambao ni sehemu ya watu wa Datoga.

Waliopanga mradi waliona tambarare yenye rutuba isiyo na nyumba nyingi, wakadhani haina mwenyewe. Lakini Mbarabaig hakai mahali pamoja na ng'ombe wake mwaka mzima. Anahama nao kwa majira, kutoka aina moja ya malisho kwenda nyingine, na kila eneo linapata muda wa kupumzika. Mabonde yenye nyasi bora, ambayo wao huyaita muhajega, yalikuwa kiini cha mzunguko huo. Yalipolimwa, mzunguko wote uliharibika. Ng'ombe walibanwa katika maeneo yaliyobaki, nyasi zikaisha upesi, udongo ukaanza kumomonyoka, na familia nyingi zikapoteza mifugo. Njia za kufika majini zilifungwa. Hata makaburi ya wazee, vile vichuguu vya udongo ambavyo Wabarabaig huwajengea watu wao wa heshima na ambako hurudi kusali na kukumbuka, mengine yalipitiwa na plau.

Wabarabaig hawakukaa kimya. Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw, pamoja na wanakijiji 67, ilifungua kesi dhidi ya NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikiona kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria. Watu waliokuwa na makaburi ya mababu zao pale walishindwa kwa sababu hawakuwa na karatasi.

Ni lazima tuwe waadilifu. Mwalimu hakuendesha trekta, wala hakuketi katika kiti cha jaji. Lengo la kuwalisha wananchi lilikuwa jema. Lakini Serikali ilikuwa yake, NAFCO ilikuwa ya umma, na fikra iliyotawala mradi ule ilikuwa kinyume kabisa cha yale aliyowaambia Masista wa Maryknoll mwaka uleule wa 1970, wakati matrekta ya kwanza yanaanza kazi Basotu. Wabarabaig hawakuulizwa. Waliendelezwa bila kushirikishwa, na maendeleo hayo yakawafanya maskini zaidi.

Wala jambo hilo halikutokea Hanang peke yake. Huko Ruvuma, wakulima wa Litowa na vijiji jirani waliunda chama chao cha maendeleo miaka ya mwanzo ya 1960. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao na kuamua mambo yao wenyewe. Mwalimu aliwapenda na kuwasifu. Hata hivyo, mwezi Septemba 1969 uongozi wa juu wa TANU ulikivunja chama hicho. Na kuanzia mwaka 1973 watu kwa mamilioni walihamishiwa katika vijiji, mahali pengine kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa. Ujamaa ulioanza kama mwaliko ukawa amri.

Kwa nini mtu aliyeona ukweli kwa uwazi kiasi kile aliruhusu mambo hayo? Tukisaidiwa na Mtakatifu Thomasi wa Akwino tunaweza kujibu hivi: nia njema juu ya manufaa ya wote haitoshi kuufanya uamuzi uwe wa haki. Inahitajika busara, na busara huanza kwa kusikiliza na kukubali kufundishwa na wengine. Kiongozi aliye mbali huona hesabu ya magunia. Mchungaji wa ng'ombe huona bonde lilipo na maji yanapopita. Wa kwanza akiamua bila wa pili, hata akiwa mtu wa sala, atamdhulumu bila kujua.

Alipokaa upande wa wasiosikilizwa

Miaka ya mwisho ya uongozi wake ilikuwa migumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera viligharimu fedha nyingi, na mashirika mengi ya umma yalikuwa yanapata hasara. Mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja na masharti yake, naye akayakataa. Alisema wazi kwamba si haki watu walio ng'ambo, wenye fedha, kuipangia nchi maskini namna ya kuishi, na kwamba deni haliwezi kulipwa kwa njaa ya watoto.

Hapa ndipo tunapoona jambo la kutafakari. Mbele ya Shirika la Fedha, Mwalimu alisimama palepale waliposimama Wabarabaig mbele ya NAFCO. Alidai kusikilizwa na wenye nguvu waliokuwa na takwimu nzuri na nia ya kusaidia, lakini wasioijua nchi. Madai yake yalikuwa ya haki. Kwa sababu hiyohiyo, madai ya watu wa Mulbadaw nayo yalikuwa ya haki.

Alikuwa na unyenyekevu wa kukubali makosa. Mwaka 1984 alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Hayo yote mawili yalikuwa vyombo vya watu wa chini kuamua mambo yao. Mwezi Novemba 1985 aliachia urais kwa hiari, jambo lililokuwa adimu sana barani Afrika wakati ule. Akarudi Butiama kulima.

Kuanzia mwaka 1987 aliongoza Tume ya Kusini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990 juu ya namna nchi maskini zinavyoweza kusaidiana. Aliendelea kutetea msamaha wa madeni, jambo ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alilipigia pia mbiu katika maandalizi ya Jubilei Kuu ya mwaka 2000. Alishiriki Misa mara kwa mara, hata siku za kazi, na alitafsiri sehemu za Agano Jipya kwa mtindo wa tenzi za Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilipata kibali cha kuanza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Tunajifunza nini?

Wapo wanaoogopa kutaja habari za Basotu wakidhani zitauharibu mchakato huo. Sisi tunaona sivyo. Kanisa linapochunguza maisha ya mtu linatafuta ushuhuda wa kila aina, wa sifa na wa lawama, kwa kuwa utakatifu haujengwi juu ya kuficha. Mtakatifu Petro alimkana Bwana mara tatu, na Injili zote nne zimelisimulia tukio hilo bila kumstahi. Wazee wa Kibarabaig wanaokumbuka muhajega nao ni mashahidi wa enzi ya Mwalimu. Kumbukumbu yao ina haki ya kusikika.

La pili linatuhusu sisi tunaojiandaa kuwa mapadre. Siku moja, Mungu akipenda, tutapangiwa parokia kama za huku Hanang. Watakuja marafiki wa ng'ambo, wenye imani na moyo mzuri, wakitaka kuchimba kisima, kujenga shule au kununua mashine. Tuwapokee kwa shukrani. Lakini kabla ya kutia sahihi, jambo lipelekwe kwanza katika Jumuiya Ndogo Ndogo na kwa majirani wasio wa dini yetu, nao wawe na uwezo wa kusema hapana. Iulizwe ardhi ya mradi ni ya nani, ni nani hupita hapo, na katika majira gani. Na mkutano usiitwe wakati wafugaji wapo mbali na ng'ombe wao, kisha muhtasari ukaandikwa kwamba hakuna aliyepinga. Usubiri warudi. Fedha ya mfadhili huwa na tarehe ya mwisho, na tutashawishika kuharakisha. Hapo ndipo tutakapopimwa, kama Mwalimu alivyopimwa.

Tuendelee kumwombea Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, na tuwaombee pia Wabarabaig waliolala katika makaburi yale ya Basotu, yaliyobaki na yaliyolimwa. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Tumsifu Yesu Kristo!